Testi Iliyoamka Daku

Ilikuwa saa saba na nusu usiku, kumi la mwisho la Ramadhani, nami nimekaa kwenye meza ya jikoni, ghorofani kwetu Michenzani. Kiporo cha futari kimefunikwa kawa. Chini barabarani vijana wa ngoma ya daku ndiyo kwanza wanakusanyika. Mmoja alikuwa akigonga debe mara moja moja, kama anayelijaribu kabla ya kulipiga kweli. Nikaandika `cargo test`, amri inayoendesha testi zote, yaani vijiprogramu vinavyoikagua programu yetu ya kupimia dagaa, nikainuka kubandika chai.

Niliporudi, testi 212 zilikuwa kijani, yaani zimepita, na moja nyekundu.

`risiti_ya_leo_ipo ... FAILED`

Testi yenyewe fupi: pima ndoo moja ya dagaa, kisha liulize daftari likupe risiti za leo, na utarajie kukuta moja. Daftari lilisema hakuna.

Nikairudia. Nyekundu. Nikanywa chai, nikairudia tena, nyekundu. Debe likaanza kupigwa kweli, mama akaamka, tukala daku, tukanuia, nikaswali nikalala. Saa nne asubuhi nikafungua kompyuta na kuandika amri ile ile bila kugusa hata nukta.

Kijani tupu.

"Kwangu mbona inapita?" mwenzangu akaniandikia. Yeye akitoka tarawehe hulala, huamka na debe. Na seva, ambayo huziendesha testi zote kila tunapopeleka mabadiliko, ilikuwa kijani mwezi mzima.

Nikafanya jambo ambalo mpaka leo linaniuma. Kwenye orodha yetu ya kazi, mbele ya jina la testi ile, niliandika neno moja: kigeugeu.

## Kigeugeu

Wanaonisoma siku nyingi wanaijua kazi yetu: programu ya diko, pale vyombo vinaposhusha samaki, imeandikwa kwa lugha ya Rust, inakaa kwenye kikompyuta kando ya mizani, inapokea uzito wa ndoo, inatoa risiti, na mtandao ukipatikana inapeleka hesabu kwenye seva.

Kigeugeu kwetu ni testi ambayo leo inapita, kesho inafeli, na msimbo haujabadilika. Tulikuwa na historia nazo. Mwaka juzi testi mbili zilikuwa zinaandika kwenye faili moja, `/tmp/diko.db`. Sasa `cargo test` haizipangi testi foleni. Huzitawanya kwenye nyuzi kadhaa ndani ya prosesi moja, zikaenda sambamba. Siku moja inawahi hii, siku nyingine ile, na inayochelewa inakuta daftari lina ndoo za mwenziwe. Ilituchukua miezi kulijua hilo. Dawa ya kwanza ilikuwa ya uvivu, `--test-threads=1`, ziende moja moja. Dawa ya pili, ambayo ndiyo dawa, ilikuwa kuipa kila testi folda yake ya muda.

Lakini ile miezi ilituachia ugonjwa. Testi ikifeli, kidole kinakwenda chenyewe kwenye mshale wa juu, kisha Enter. Ikipita mara ya pili tunasema alhamdulillahi, tunaendelea.

Mtu akishaitwa mwongo mtaani, hata akisema mvua inanyesha watu hutoka nje kuhakikisha. Sisi hata nje hatukutoka.

Na testi hii haikuwa kigeugeu hata chembe. Ilikuwa na nidhamu kuliko mimi.

## 02:58

Idd ikaja, testi ikanyamaza. Mfungo mosi mzima kijani. Hapo ndipo iliponikera zaidi. Mwenzangu akanitania kwamba testi ilifunga, sasa imefungua.

Wazo langu la kwanza lilikuwa mwezi. Usinicheke. Vyombo vya dagaa hutoka usiku wa giza, kwa taa; mbaamwezi ikishamiri dagaa hawakusanyiki kwenye taa, na mabaharia wanakaa pwani kushona nyavu. Na kumi la mwisho daima ni giza, maana Ramadhani huanza mwezi unapoandama na huisha mwezi ukiwa umefifia. Nikadhani labda hesabu za kweli za diko zinavuja kuingia kwenye testi usiku vyombo vinapotoka. Nikatumia Jumamosi mbili kuutafuta huo mvujo.

Haukuwapo. Kilichobadilika Ramadhani hakikuwa huko juu mbinguni, kilikuwa kwenye kiti cha jikoni. Miezi mingine saa nne usiku mimi nimelala. Ramadhani nafanya kazi kutoka tarawehe mpaka daku.

Usiku mmoja wa mfungo pili nikaamua kukesha nayo. Nikaandika amri ya kuiendesha testi hiyo moja kila dakika, nikaweka saa ya kompyuta pembeni ya skrini. Mpaka 23:59 kijani. Kuanzia 00:00 nyekundu, nyekundu, nyekundu, nami nasinzia. 02:58 nyekundu. 02:59 nyekundu.

03:00 kijani.

Saa tisa usiku kwetu, saa tatu kwa kompyuta, na kwa UTC, saa ya kimataifa, ni 00:00, siku mpya inaanza. Zanzibar iko saa tatu mbele ya UTC mwaka mzima. Hatusogezi saa kama wafanyavyo Ulaya. Kwa hiyo kila usiku, kwa muda wa saa tatu, hapa pameshakuwa kesho na kule bado ni leo. Seva yetu inaishi kwa UTC, leo zake zote ni moja, na kamwe haikuona kitu.

Nilicheka peke yangu jikoni. Halafu nikakumbuka nahodha mmoja, nikaacha kucheka.

Kabla ya Ramadhani alilalamika kwamba ndoo alizoshusha baada ya saa sita usiku zimeingia kwenye hesabu ya jana. Tulimjibu atazame ukurasa wa jana. Akautazama, akazikuta, akanyamaza. Sisi tukaliandika lile shauri kuwa limekwisha.

## Kreti kumi na moja

Kilichonikaa kooni kama mwiba wiki zote zilizofuata hakikuwa UTC. Kuchanganya UTC na saa ya nyumbani ni kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Swali langu lilikuwa: msimbo wenye testi 213, uliopangwa kwa kreti safi (ndivyo Rust inavyoviita vipande vya msimbo) ambazo nilikuwa nikijivunia mbele ya watu, uliwezaje kuwa na *leo* mbili?

Hizi hapa:

```rust
// kreti ya mizani
let tarehe = Utc::now().date_naive();

// kreti ya risiti
let leo = Local::now().date_naive();
```

Mistari miwili, kreti mbili, waandishi wawili. Mmoja ni mimi na sisemi upi.

Mwanzoni tulikuwa na kreti moja. Ilipovimba, kila badiliko dogo likawa na kahawa yake, kwa sababu kreti ndiyo kipande ambacho kompaila ya Rust, ile inayougeuza msimbo kuwa programu, inakichukua kwa pamoja, nawe unangoja. Nikaanza kukata. Kreti ya mizani, ya risiti, ya vyombo, ya mgao, ya kupeleka hesabu, ya maandishi ya printa, zote chini ya `[workspace]` moja yenye `Cargo.lock` moja na folda moja ya `target` (ambayo siku moja niliipima nikakuta gigabaiti 23, nikaifuta kwa hasira). Nilipenda hasa kwamba Cargo, msimamizi wa kreti za Rust, haikubali mzunguko. Ndani ya kreti moja, moduli zinaweza kuitana huku na huku kama majirani wa uchochoro mmoja. Baina ya kreti na kreti, hii ikiitegemea ile, ile haiwezi kurudi kuitegemea hii. Inakulazimisha kuamua nani yuko chini na nani yuko juu. Nikachora picha, mishale yote inateremka, nikaibandika ukutani.

Picha ilikuwa sahihi. Ilionyesha nani anamtegemea nani. Leo ni lini, na nani mwenye kauli juu ya hilo, haikuwa na pa kulichora.

Kila kreti ilikuwa na testi zake ndani, na kila moja ilikuwa sawa kwa nafsi yake. Mizani ilipima, ikaandika tarehe, testi ikauliza kama tarehe ni ya UTC, ikaambiwa ndiyo. Risiti nayo hivyo hivyo kwa saa ya nyumbani. Nilipokata nilipitisha panga katikati ya swali, nusu ikabaki huku, nusu kule, na pande zote mbili zikaota ngozi.

Nikatafuta neno `now()`, yaani kila panapoulizwa saa, kwenye msimbo mzima. Mahali 19, kreti saba.

## Mtu wa ndani na mgeni

Rust ina testi za aina mbili zenye tabia mbalimbali, na sikuwahi kulifikiria hilo ipasavyo mpaka yaliponifika.

Ile ya kwanza inakaa ndani ya faili lenyewe, chini, kwenye moduli yenye `#[cfg(test)]` juu yake, alama ya kwamba humo ni mwa testi tu. Ni mtoto wa nyumba. Anaona kila kitu cha wazee wake, hata ambacho hakina `pub`, alama ya kukitoa nje. Ile ya pili inakaa kwenye folda ya `tests`, nje, na Cargo huikompaili kama kreti ya mbali. Huyo ni mgeni wa barazani: anaona kilichotolewa nje tu, anakunywa kahawa aliyoletewa, na cha ndani hakijui.

Tulikuwa na testi za ndani zaidi ya 170. Nazipenda, ni za haraka, unaziandika huku mkono bado una moto. Lakini mtoto wa nyumba ameshazoea. Mlango unaolalamika yeye hausikii. Aliyesikia ni mgeni mmoja, `risiti_ya_leo_ipo`, aliyeingia kwa mizani na kutokea kwa risiti kama afanyavyo mvuvi, na ambaye niliiandika jioni moja kwa kuona haya tu kwamba hatukuwa na hata moja ya namna hiyo kwenye njia ile.

Kwa nini hatukuwa nazo nyingi? Kwa sababu zilikuwa ghali, na ghali hiyo tulijitengenezea. Kila faili ndani ya `tests` linakuwa programu kamili peke yake, linakompailiwa na kuunganishwa na maktaba zote upya. Tulikuwa na mafaili 34. Dakika tisa kwenye kompyuta yangu, na feni inapiga kelele kama mashine ya boti. Mtu akishangoja dakika tisa mara nne kwa siku, siku ya tano anaandika testi ya ndani na kujidanganya inatosha. Dawa yake ilikuwa rahisi mpaka inaudhi: folda moja, `tests/yote/main.rs`, na yale mafaili yote yakawa moduli zake. Programu moja badala ya 34. Dakika tisa zikawa chini ya tatu.

Miaka mitatu tulikuwa tunalipa dakika sita za bure kila mara, na hakuna aliyeuliza.

## Nilitarajia Chombo, nimepata Chombo

Tiba ya leo mbili nilidhani naijua. Saa isiulizwe ndani. Iulizwe mara moja tu, mlangoni, kwenye `main`, kisha ipitishwe kwa kila anayeihitaji kama parameta, `sasa`. Testi ikitaka saa nane usiku inakuja na saa nane usiku yake mfukoni, haina haja ya mimi kukesha.

Sasa kwa testi za namna hiyo nilihitaji vyombo vya uongo: boti tatu, nahodha watatu, ndoo kadhaa. Nilikuwa navyo tayari ndani ya kreti ya chini kabisa, `daftari`, chini ya `#[cfg(test)]`. Kreti ya risiti ikaviita. Kompaila: sivijui hivyo.

Ni kweli havijui. Unapoijaribu kreti ya risiti, `daftari` inakompailiwa kama maktaba ya kawaida, na alama ya `test` haimfikii. Vilivyo chini ya alama hiyo havipo duniani.

Basi nikafanya ujanja. Nikaanzisha kreti mpya ya vyombo vya uongo, inayoitegemea `daftari`. Halafu nikaipa `daftari` nayo ruhusa ya kuitumia kreti hiyo kwenye testi tu. Mzunguko wa namna hii, unaopitia utegemezi wa testi, Cargo inauvumilia. Nikaendesha.

Kompaila ikaniambia, kwa maneno yake, kwamba ilitarajia `Chombo` lakini imepata `Chombo`.

Nilikaa na kosa hilo siku nzima. Nilibadilisha majina, nikafuta `target`, nikaanza kushuku diski. Jioni mama akaniuliza nina nini. Nikamwambia kompyuta inataka chombo, nimeipa chombo, inasema hicho si chombo.

"Basi ipe inachokitaka, mwanangu."

Jibu lilikuwa kwenye mstari mdogo wa chini wa kosa lile lile, ambao nilikuwa naupita kwa macho: huenda unatumia matoleo mawili ya kreti hii. Na kweli yalikuwa mawili. Nilipozijaribu testi za ndani za `daftari`, Cargo iliikompaili mara mbili, moja yenye alama ya testi, nyingine ya kawaida kwa ajili ya ile kreti ya vyombo vya uongo. `Chombo` cha huku na `Chombo` cha kule ni mapacha, herufi kwa herufi, na kwa kompaila hawana udugu. Testi zilizohitaji vyombo vya uongo nikazihamishia nje, barazani, ambako pande zote zinashika ile `daftari` moja ya kawaida. Kosa likatoweka.

Lililobaki ni aibu kidogo. Nilikuwa nimepoteza siku nzima kwa sababu vitu viwili vina jina moja, nami nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka kugundua kwamba tuna *leo* mbili.

## Nilibonyeza a

Kazi ya kupitisha `sasa` ilichukua siku nane. Mahali 19 pakawa mahali pamoja. Tarehe zote zikawa za saa ya Zanzibar. `risiti_ya_leo_ipo` ikawa kijani saa saba usiku, saa nane usiku, saa yoyote unayompa. Nikafuta neno kigeugeu kwenye orodha.

Kisha, kwa kujihami, nikaongeza testi za picha: unaiendesha programu, risiti nzima inahifadhiwa kama maandishi, na siku yakibadilika testi inapiga kelele. Tunatumia kreti ya `insta`. Watu wa Rust wenyewe huijaribu kompaila yao kwa namna hii. Kwenye folda yao ya `tests/ui` kuna maelfu ya programu ndogo, na kando ya nyingi kuna faili la maneno kamili ambayo kompaila inatarajiwa kuyasema. Ukibadilisha kwa makusudi, unaandika `--bless`. Bariki. Nalipenda neno hilo na linanitisha. Kwenye `insta` si kubariki, ni kubonyeza herufi moja: `a`, nakubali.

Kwa mfano wa picha nilichukua usiku wa kweli, ule wa nahodha aliyelalamika. Chombo chake kilitia nanga, mtumbwi ukaleta ndoo pwani mara mbili: mara ya kwanza saa tano na dakika arubaini, mara ya pili saa sita na dakika ishirini. Programu ikatoa risiti mbili. Ya kwanza ina tarehe ya Alhamisi, ya pili ina tarehe ya Ijumaa.

Nilizitazama. Nakumbuka kabisa kwamba nilizitazama, zote mbili, moja chini ya nyingine. Saa ya Zanzibar, tarehe sahihi, kila kitu mahali pake.

Nikabonyeza `a`.

Wenye kompaila wana kinga nyingine, Crater, ambayo huzikusanya kreti za umma za watu wa dunia nzima na kuzikompaili kwa toleo jipya kabla halijatoka, kuona nani ameumia. Nawaonea wivu. Madiko yetu hayakuwekwa kwenye tovuti moja yakaweza kukompailiwa usiku kucha. Inabidi upande gari.

## Daftari la bwana diko

Nilikwenda kaskazini asubuhi moja na risiti zile mbili mfukoni, nikiwa na furaha ya mtu anayepeleka habari njema. Bwana diko alikuwa kivulini, karibu na majiko ya kuchemshia dagaa, moshi unamfuata yeye tu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja na mashine yako?"

Nikampa risiti. Akazisogeza mbali na macho, akazisoma taratibu, akazipanga juu ya paja moja kando ya nyingine.

"Hizi mbili za chombo kimoja?"

"Ndiyo, mzee."

"Kilitoka mara mbili?"

"La. Kilitoka mara moja, mtumbwi ndiyo ulishusha mara mbili."

"Sasa mbona hapa unamfanya ametoka siku mbili?"

Nikamweleza kwamba saa sita ya usiku ilipita katikati.

Akanitazama. "Saa sita ya usiku kuna nini baharini?"

Sikuwa na jibu. Akavuta daftari lake, la skuli, jalada limelainika kwa mafuta na chumvi, akafungua ukurasa wa usiku ule. Juu pameandikwa kwa kalamu ya buluu: *kuamkia Ijumaa*. Chini yake vyombo, kila kimoja mstari mmoja. Chombo cha yule nahodha kina mstari mmoja, ndoo zake zote pamoja, na pembeni mafuta yamekatwa mara moja. Kwenye programu yetu mafuta yalikatwa kwenye hesabu ya Alhamisi yote, na ndoo za Ijumaa zikaonekana zimekuja bure bila petroli. Mgao wa mabaharia ulikuwa umepinda kwa miezi, nao walikuwa wanaunyoosha wenyewe kwa penseli bila kutuambia.

Mimi nimelelewa na maneno haya. Usiku wa kuamkia Ijumaa ni Ijumaa. Bibi yangu akisema usiku wa Ijumaa hamaanishi usiku unaofuata sala ya Ijumaa, anamaanisha ule unaotangulia. Usiku wa kwanza wa Ramadhani tunaswali tarawehe kabla hatujafunga hata siku moja. Nayajua haya tangu sijajua kusoma. Nikakaa mbele ya kompyuta nikayavua mlangoni kama viatu.

## Usiku

Safari hii sikuanza na testi. Nilianza na aina ya data.

```rust
pub struct Usiku(NaiveDate);
```

Uwanja wake ni wa siri, kwa hiyo nje ya moduli yake hakuna awezaye kuunda `Usiku` kwa mkono. Mlango ni mmoja, funksheni inayopokea saa na kurudisha usiku wa kuamkia siku gani. Ndani hesabu ni mstari mmoja: chukua saa ya UTC, ongeza saa 15, soma tarehe. Tatu za kuja Zanzibar, 12 za kuusukuma usiku mzima uangukie upande wa asubuhi yake. Alhamisi saa mbili usiku inatoa Ijumaa. Ijumaa saa kumi na moja alfajiri inatoa Ijumaa. Mpaka uko saa sita mchana, wakati pwani ya dagaa hakuna anayeshusha.

Kisha nikaondoa tarehe kwenye kila kreti na kudai `Usiku`. Kompaila ikanirudishia makosa 47. Nimeandika testi nyingi maishani, lakini sijawahi kupata orodha ya kazi iliyonyooka namna ile: faili, mstari, sababu. Nikazipitia moja moja kwa siku mbili. Sita kati yake zilikuwa mahali ambapo hakuna testi yoyote iliyowahi kufika.

Kreti kumi na moja nikazirudisha tano. Hapa mwenzangu na mimi hatujapatana. Yeye anasema kosa halikuwa wingi wa kreti, lilikuwa kukosa `Usiku` kwenye ile ya chini, na kwamba nimezibomoa kwa hasira kama nilivyofuta `target`. Huenda ni kweli. Sasa nikigusa mgao nangojea risiti nayo ikompailiwe, na kahawa zimeanza kurudi. Ninachoweza kusema ni kwamba mstari niliokuwa naukata kwa kufuata mafaili, sasa nimeukata kwa kufuata maneno ya bwana diko: kinachoandikwa kwenye ukurasa mmoja wa daftari lake kimekaa kreti moja. Sina hakika kama huo ni mpango au ni adabu.

Ile picha ya mishale nimeibandua ukutani. Alama ya gundi bado ipo.

Wiki iliyopita bwana diko akapiga simu. Wanawake wa pweza wa kijiji chake wameiona mashine, nao wanaitaka. Wao hutoka kwa bamvua, maji yakikupwa saa nne asubuhi, na hurudi na pweza kwenye adhuhuri hivi, wengine kabla ya saa sita mchana, wengine baada yake.

Nimeandika testi. Mwanamke mmoja, safari moja, pweza wawili wamepimwa saa tano na dakika hamsini, mmoja saa sita na dakika kumi. Inafeli mchana kweupe, kila mara, bila kukosa. Juu yake nimeweka:

```rust
#[ignore = "twende tukawaulize kwanza"]
```

Bamvua lijalo ni Jumatatu.